Ukiletewa samansi ya matunzo ya mtoto: unajibu nini, na kwa njia gani

Kijana alifika asubuhi, akaegesha bodaboda yake chini ya mwarobaini, akanyanyua kiti cha pikipiki na kutoa karatasi zilizokunjwa mara nne. Pembe moja ilikuwa imelowa mafuta ya injini, na mhuri wa mahakama ulikuwa umeanza kufutika pale kwenye mkunjo. Alikuwa amekaa nazo siku kumi na moja. Nikamuuliza kwa nini hakuja mapema. "Shangazi," akasema, "niliona nikinyamaza, mwenyewe atachoka."

Shauri lilikuwa linatajwa kesho yake, saa tatu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga. Kumsimamia mtu mahakamani ni kazi ya wakili. Yangu ni kumsomea mtu karatasi yake mpaka aielewe, kumwonyesha mlango wa kugonga, na kumwambia ukweli hata asipoupenda. Benchi langu liko Ngamiani, na karatasi zinazoletwa hapo mara nyingi ni za matunzo ya watoto, au kama wenyewe wanavyosema, hela ya matumizi. Wengi wanaokuja nazo hawana kesi mbaya. Wana woga tu, na woga unawatia ububu. Mtaani tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mahakamani ni kinyume chake: ukinyamaza, hakimu atamsikiliza aliyejitokeza, na ataamua kwa hayo aliyoyasikia.

Umeletewa nini hasa

Kwa kawaida ndani ya bahasha mna mambo matatu. La kwanza ni samansi, yaani hati ya wito: jina la mahakama, namba ya shauri, majina ya pande mbili, siku na saa ya kufika. Nyuma yake kuna maombi yenyewe, ambayo yanaeleza mwombaji anataka mahakama imwamrie mwenzake afanye nini. Nyuma ya hayo kuna kiapo, kilichogawanywa kwa aya zenye namba, ambamo mwombaji anasema kwa nini anaomba. Watu husoma ule ukurasa wa kwanza wenye tarehe na mhuri, moyo ukapiga, wakakunja. Kumbe tarehe inakuambia uende lini tu. Kiapo ndicho kinachokuambia ukajibu nini.

Yule kijana alikuwa hajakisoma. Alijua tu kwamba "ameshtakiwa". Hilo neno ndilo linalotisha, na halikuwa sahihi. Maombi ya matunzo si kesi ya jinai. Hakuna polisi, hakuna dhamana, na anayejibu haitwi mshtakiwa. Anaitwa mjibu maombi. Kutelekeza mtoto kunaweza kufikia kuwa kosa la jinai, lakini huko ni njia nyingine kabisa na hati zake ni nyingine.

Angalia pia umeitwa mahakama gani na kwa sheria ipi, kwa sababu njia ni mbili. Kama wazazi walioana na ndoa iko kwenye talaka au utengano, matunzo ya watoto huamuliwa ndani ya shauri la ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kama hawakuoana, au kama kinachobishaniwa ni mtoto peke yake, maombi huenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Watu huitafuta Mahakama ya Watoto kama jengo lenye kibao chake na hawalioni. Mara nyingi inakaa kwenye jengo lile lile la Mahakama ya Mwanzo mnalolijua, ila anayekaa kitini ni hakimu mkazi, mlango unafungwa, wasiohusika hawaruhusiwi, na ofisa ustawi wa jamii anakuwepo. Nimesikia mtu akisema, "ni mahakama ya mwanzo tu, nitaenda nikipata nafasi." Alikuwa ameitwa mbele ya hakimu mkazi, na rufaa ya uamuzi ule inapanda moja kwa moja Mahakama Kuu.

Na kukataa kupokea samansi hakusaidii. Anayeisambaza anarudi kueleza kwa kiapo kwamba alikupata ukakataa, na mahakama inakuhesabu kuwa umepata taarifa. Ukikimbia, zipo njia za kukufikia bila kukushika mkono, pamoja na kubandika hati kwenye mlango wako majirani wakiiona kabla yako.

Kisa cha shilingi mia

Wazee bado wanazungumza juu ya matunzo kana kwamba ni jambo la kumalizwa kwa chenji, na hilo lina chanzo chake. Chini ya sheria ya zamani iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, baba aliyethibitika aliweza kuamriwa kutoa kiasi kisichozidi shilingi mia moja kwa mwezi. Kiwango hicho kilibaki kwenye vitabu miaka nenda miaka rudi, huku shilingi ikiporomoka mpaka mia ikawa haitoshi kununua kiberiti na chumvi. Mama aliyeshinda kesi alitoka mahakamani na amri ambayo nauli ya kuifuatilia ilikuwa kubwa kuliko pesa yenyewe. Sheria ya Mtoto ndiyo iliyoifuta sheria ile mwaka 2009, na sasa hakuna kiwango kilichoandikwa. Hakimu anapanga kiasi kwa kuangalia hali halisi, na kifungu cha 44 kinamtajia mambo ya kuangalia: kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna kitu kilichopunguza uwezo wa mzazi kuchuma, mfano ugonjwa au ulemavu, mzigo wa watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe.

Kikariri kifungu hicho kama unavyokariri namba ya simu ya nyumbani. Jibu zuri la maombi ya matunzo ni lile linalomwezesha hakimu kujaza mambo hayo kwa ukweli wako. Usipoyasema, yatajazwa na upande wa pili.

Aya kwa aya

Jibu la maandishi kwa maombi yaliyoambatana na kiapo linaitwa kiapo kinzani. Ni kiapo chako dhidi ya kiapo chake, na kinakwenda kwa mpangilio ule ule: aya yake ya kwanza unaijibu, ya pili unaijibu, mpaka mwisho. Aya iliyo kweli, andika ni kweli. Isiyo kweli, kanusha, kisha eleza ukweli ni upi. Usiyoijua, sema huijui. Aya utakayoiruka bila kuigusa itachukuliwa kwamba umeikubali, na ndiyo maana sipendi majibu ya mstari mmoja yanayosema "nakanusha yote". Mtu anayekanusha yote anakanusha mpaka jina la mtoto wake.

Niliketi na yule kijana tukafungua kiapo cha mama mtoto wake. Aya ya kwanza ilisema waliishi pamoja Makorora miaka mitatu bila ndoa. Kweli. Ya pili, kwamba walizaa mtoto mmoja wa kike, sasa ana miaka 6, anasoma darasa la kwanza na anaishi na mama yake Mwakidila. Kweli. Tukaandika kweli mara mbili, na nikaona mabega yake yanashuka. Alidhani kukubali chochote ni kushindwa.

Aya ya tatu ilisema: tangu tuachane, mjibu maombi hajatoa hata senti moja. Hapo akaruka. "Mwongo! Mimi natuma kila mara!" Nikamwambia twende tukaombe taarifa ya miamala ya simu yake. Ilipotoka tulihesabu pamoja kwa kalamu. Katika miaka mitatu alikuwa ametuma mara 14, jumla shilingi 310,000. Mara 5 kati ya hizo zilikwenda kwenye namba ya dada wa mama mtoto, kwa kuwa wakati ule mama hakuwa na simu. Ya mwisho ilikuwa na miezi saba. Aliishika ile karatasi kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Kwa hiyo hatukuandika kwamba hajawahi kukosa, na hatukuandika kwamba anatuma kila mara. Tuliandika: si kweli kwamba sijatoa hata senti; nimetuma mara 14 kwa tarehe zilizo kwenye kielelezo cha kwanza, tano kati yake kupitia namba ya dada yake mwombaji; nakiri kwamba miezi saba iliyopita sijatuma. Nawaomba wote mnaosoma hapa mwamini jambo hili: kukiri kule kulimsaidia kuliko ile miamala yenyewe. Hakimu anayekuta mtu amekubali jambo linalomuumiza anapata sababu ya kumwamini kwenye mengine.

Aya ya nne ilidai ana pikipiki mbili na anaingiza shilingi 60,000 kwa siku. Hapa ndipo watu hulalamika badala ya kuhesabu, na hakimu hawezi kupima lalamiko. Tukahesabu. Pikipiki ni moja, na si yake. Ni ya tajiri, yaani mwenye pikipiki, nakala ya kadi ina jina la tajiri, na kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi 10,000. Siku ya kawaida anakusanya kama 26,000. Petroli 8,000. Ukitoa na hesabu, anabaki na 8,000. Akifanya kazi siku 26 ni 208,000, toa oili, matairi na matengenezo kama 30,000, mkononi inabaki 178,000 kwa mwezi. Mvua za masika zikishika, inapungua. Ana mtoto mwingine wa mwaka mmoja na mke anayeishi naye. Yote hayo yakaingia kwenye aya moja ya mistari saba, na nakala ya mkataba wake na tajiri ikawa kielelezo cha pili.

Aya ya tano akaitaka yeye mwenyewe. Alitaka iandikwe kwamba mama mtoto ana mwanaume mwingine na ndiye anayekula hiyo pesa. Nikamuuliza, "Mwanangu, mama yake akiwa na mwanaume mwingine, mtoto anashiba?" Akanyamaza. Hatukuiandika. Matunzo ni haki ya mtoto. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto kinataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na hata nafasi ya kucheza, na hakuna mahali kinapouliza mama analala wapi. Nimesoma viapo vingi vilivyojaa matusi ya aina hiyo kurasa nzima, na kipato cha mwandishi hakionekani popote. Kama kweli una ushahidi kwamba mtoto anadhurika au anashinda na njaa wakati pesa inatoka, hilo ni jambo zito, na linaelezwa kwa tarehe na mashahidi, tena kwa ofisa ustawi kwanza. Wivu ni kitu kingine.

Kuna kanuni za kiapo ambazo zikivunjwa zinaweza kukuangusha. Andika unayoyajua mwenyewe. Uliyoambiwa, taja nani alikuambia. Usiweke hoja za kisheria wala maombi ndani ya kiapo. Kisainiwe mbele ya kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili, na yeye aandike tarehe na mahali kilipoapiwa. Hakikisha sehemu hiyo haijaachwa wazi, maana viapo vimetupwa kwa kasoro hiyo tu. Kisha kisajiliwe mahakamani, na upande wa pili upate nakala. Kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai, hata kama uongo wenyewe ni wa kupunguza shilingi elfu kumi za kipato.

Lakini kijana alikuja siku moja kabla. Hatukuwa na muda wa kumaliza yote hayo kabla ya saa tatu ya kesho, wala haikuhitajika miujiza. Alikwenda, akasimama jina lake lilipoitwa, akasema amepata maombi na anaomba muda wa kuleta kiapo kinzani. Akapewa siku 14. Kama angebaki nyumbani kwa sababu jibu halijawa tayari, shauri lingeweza kusikilizwa upande mmoja.

Njoo na kiasi

Kosa kubwa linalofuata ni kupinga kiasi bila kutaja kiasi. "Siwezi hiyo laki mbili." Sawa, unaweza ngapi? Hakimu akikosa namba ya kwako, namba iliyo mezani ni moja tu.

Mama alikuwa ameomba 200,000 kwa mwezi na kuigawanya: chakula 90,000, matibabu 20,000, nguo 20,000, shule 30,000, kodi ya nyumba 40,000. Kijana alitaka kukata kila mstari nusu. Nikamzuia. Chakula cha mtoto kwa shilingi 3,000 kwa siku hapa mjini, na unga, mchele, dagaa na uji wa asubuhi, si anasa, na ukibishania hapo unaonekana mtu mgumu. Tukakiacha. Kodi ilikuwa jambo jingine: chumba kizima ni 40,000 na wanaishi watu wanne, kwa hiyo fungu la mtoto ni 10,000. Shule tulikwenda kuuliza. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula ipo, na haiji kila mwezi kwa kiasi kimoja. Tukaunganisha nguo na shule kuwa 30,000. Matibabu tukapendekeza wagawane nusu kwa nusu kwa risiti, kwani mwezi mwingine ni sifuri na mwezi mwingine ni malaria na kulazwa hospitali ya Bombo.

Jumla ikawa 130,000 bila matibabu. Mama naye anauza vitumbua, na sheria inaangalia kipato cha wazazi wote wawili. Hiyo haikuwa siri wala tusi, tuliitaja kwa heshima. Kijana akajitolea 70,000.

Kwa wavuvi hesabu ina sura nyingine, na inaniuma kuona inavyoharibiwa. Mvuvi wa dagaa pale mwalo wa Deep Sea anafanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, taa zake hazivuti samaki, na boti zinalala. Mtu huyo akikubali kutoa 100,000 kila tarehe 1 kwa sababu ameona haya kubishana, mwezi wa pili tu anadaiwa, mwezi wa nne anaonekana mkaidi. Aeleze kipato chake kama kilivyo, kwa miezi kadhaa, akiwa na daftari la mgao au shahidi ambaye ni nahodha wake, na aombe malipo yapangwe kufuata mapato yake. Hakimu wa Tanga anajua bahari. Asichokijua ni mfuko wako.

Ukiwa una shaka kama mtoto ni wako

Sema mapema, na useme kwa sababu. Mahakama inaweza kuamua kwanza suala la uzazi, na kifungu cha 35 cha Sheria ya Mtoto kinataja ushahidi unaoangaliwa: jina la mzazi kwenye kumbukumbu za vizazi, mila iliyofanywa na baba kwa ajili ya mtoto, kumkiri mtoto hadharani, na majibu ya kipimo cha vinasaba, yaani DNA. Ndiyo kusema, kama ulimchinjia mtoto akika, ukaita watu, ukampa jina la mama yako, kisha miaka mitano baadaye ukaletewa samansi na kudai humjui, utakutana na majirani zako kama mashahidi.

Kipimo chenyewe hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na huendi dirishani kujiombea mwenyewe. Ombi linapitia kwa wenye mamlaka ya kuliwasilisha, kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii. Wapo wanaoomba kipimo ili kununua muda tu. Ninawasihi wasifanye hivyo. Siku moja mtoto atasimuliwa kwamba baba yake alimkana mahakamani huku akijua ni wake, na hakuna amri ya hakimu itakayofuta hilo.

Mama naye huletewa maombi

Tunazungumza kana kwamba anayejibu ni baba siku zote. Si kweli. Amri ya matunzo si jiwe. Mzazi yeyote anaweza kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe hali ikibadilika. Kwa hiyo mama aliyekaa na amri yake miaka miwili anaweza kushtukia samansi: baba anaomba kiasi kipunguzwe, au amri ifutwe.

Swali la kuliandika juu ya karatasi yako, mama, ni hili: kimebadilika nini tangu siku ile ya amri? Kama amefukuzwa kazi, barua iko wapi? Kama anaumwa, cheti cha hospitali kinasemaje? Kama ameoa tena, alipooa alijua ana mtoto. Mtoto mpya ni mzigo unaozingatiwa, lakini haumfuti aliyetangulia. Kisha weka ya kwako. Mtoto aliyekuwa wa kunyonya sasa anavaa sare. Gharama zimepanda, na wewe pia unaweza kuomba kiasi kiongezwe. Weka orodha ya miezi ambayo hakulipa, kwa tarehe. Na fahamu kwamba amri ya zamani inaendelea kufanya kazi mpaka mahakama yenyewe iibadilishe. Kufungua maombi ya kupunguza si ruhusa ya kuacha kulipa.

Amri kwa kawaida inakwenda mpaka mtoto afikishe miaka 18, na mahakama inaweza kuiendeleza mbele ya hapo kama bado yuko masomoni. Nimeona akina mama wakijibu kwa unyonge, "basi, amekuwa mkubwa," wakati binti yuko chuo.

Mambo yanayoharibu jibu zuri

Kumwona mtoto na kumtunza ni haki mbili tofauti. "Ananinyima mtoto, na mimi namnyima hela" ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote hapa Ngamiani, na mahakamani haina nguvu. Kama unanyimwa mtoto, omba amri ya kumwona. Sheria inakupa njia hiyo. Vivyo hivyo mama hawezi kumfungia mtoto chumbani kwa sababu ya deni.

Pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa, ni silaha ya wakili, na watu huisikia wakaipenda. Tangu mwaka 1969, katika kesi ya Mukisa Biscuit iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, inaeleweka kwamba pingamizi la aina hiyo lazima liwe hoja tupu ya kisheria, lisilohitaji ushahidi. "Hela nilituma" si pingamizi la awali. Hilo ni la kwenye kiapo kinzani.

Kupatana nje kunaruhusiwa, tena ni kuzuri. Ofisi ya ustawi wa jamii inapatanisha wazazi kila siku. Lakini mkishapatana sebuleni kwa shangazi, shauri bado liko mahakamani. Nendeni wote siku iliyopangwa, mweleze hakimu, makubaliano yaandikwe na kuwa amri. Mwanaume anayeambiwa "usijali, tumeshayamaliza" akabaki nyumbani, anaweza kukuta amri imetoka bila yeye. Ikikutokea, usikae. Omba amri ya upande mmoja iondolewe, kwa sababu ya msingi na ushahidi wake, mara tu unapojua. Kila wiki unayochelewa inakuwa swali jingine la kujibu.

Na picha ya mtoto isiende kwenye status. Mashauri ya Mahakama ya Watoto hayatangazwi, na kumtambulisha hadharani mtoto aliye kwenye shauri ni kuvunja sheria.

Kuhusu lugha, msiogope. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, na andiko lako liwe katika Kiswahili unachokielewa mwenyewe. Msaada wa bure upo pia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa msaada, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kina ofisi hapa Tanga. Njooni na bahasha nzima. Mtu akiniletea ukurasa mmoja tu, namrudisha nyumbani kufuata zilizobaki.

Kijana wa bodaboda aliitwa ndani mara tatu. Ofisa ustawi aliwatembelea wote wawili. Mama alipoonyeshwa kielelezo cha kwanza alikubali kwamba zile mara tano kupitia kwa dada yake alizipata, akasema alizisahau. Amri ikatoka: shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa mikupuo miwili, tarehe 5 na tarehe 20, kwa simu, kwenye namba ya mama, matibabu nusu kwa nusu kwa risiti. Ilikuwa 10,000 juu ya aliyojitolea. Alitoka nje, akainua kiti cha pikipiki, akaiweka amri kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwa mpira ili mafuta yasiifikie. Kisha akaniuliza maombi ya kumwona mtoto siku za Jumapili yanaanzia dirisha gani.